Mukimo wa Sahani Kumi na Mbili

Majimbo, Embu
Jumatatu, 10 Februari 2025. Asubuhi kavu, jua limetoka mapema.

Dada Kawira,

Hamjambo huko Maua? Mimi ni mzima. Kipindi chetu cha runinga kinaendelea, na bado mimi ndiye ninayeigiza yule mke anayemtilia mumewe sumu kwenye uji.

Jana ilikuwa zamu yangu kuwakaribisha akina mama wa kanisa. Nilipika mukimo, viazi nikaviponda na mahindi na mboga, wa sahani kumi na mbili. Waliomba, wakaimba, halafu wakatoa soda walizokuja nazo.

"Regina, onja wewe kwanza!" Mama Gichovi akasema. "Alhamisi tulikuona!"

Tulicheka sote. Nikaonja. Hakuna aliyenyoosha sahani. Walipoondoka nilikula peke yangu, na usingizi haukuja hadi saa saba usiku.

Sasa niambie ukweli. Uliandika kwamba Mama hataki kuja kukaa nami kwa sababu ya baridi ya Embu. Lakini huko Maua kuna baridi zaidi kuliko hapa. Je, naye anatazama kipindi?

Kama ni hivyo, mwambie jiko ni lake. Atapika yeye, nami nitakula atakachonipakulia.

Mdogo wako,
Regina