Jumapili Simezi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii imekukuta mzima, goti limekubali kupanda ngazi, na kaka na mkewe hawajambo. Mimi huku ni mzima wa mwili. Mengine ndiyo nimekaa kuyaandika. Ujumbe wako kuhusu miwani uliyoisahau kwangu niliupata, na nitakujibu hapo chini. Najua unasoma hii kwa ile ya zamani yenye mkono uliofungwa uzi, kwa hiyo naandika herufi kubwa.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ningeanza na hili, nikaruka kukuuliza habari za bati lililovuja, na salio lingekwisha kabla sijafika. Unanijua. Au ulikuwa unanijua; hilo ndilo hasa ninalotaka kukuandikia.

Kazini niko pale pale, kwenye duka la vipuri vya magari. Kwa miaka mingi nilisimama kaunta ya mbele, na nilipapenda. Mafundi wanaingia kwa pamoja, mikono imejaa grisi, kila mmoja ananyoosha kipande kilichovunjika na kupiga kelele kwamba gari la mteja liko juu ya jeki. Mimi nilikuwa nawasikia wote. Waliniita Upepo, kwa sababu kabla fundi hajamaliza kuutaja mkanda wa feni, mkanda uko mezani. Mwaka jana tajiri akaamua kunipandisha cheo. Alisema mtu mwenye akili kama yangu hafai kusimama kutwa, akanipeleka ofisi ya juu, chumba chenye kapeti na kompyuta, niwe msimamizi wa ghala.

Mama, chumba kile kilinishinda. Nilikaa nihakiki breki pedi, nikajikuta nasafisha kibodi kwa kijiti cha meno. Vichungi vya oili niliviagiza mara mbili, na gasket sikuziagiza kabisa. Tajiri aliniita akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna matatizo, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Nikaenda kwa daktari kuomba dawa ya usingizi, nikidhani ni uchovu tu.

Daktari, mama mmoja asiye na haraka, aliuliza kidogo kuhusu usingizi kisha akahamia utoto wangu. Alitaka kujua kama nilikuwa napoteza masweta, kama nilikuwa naacha kazi katikati, kama nilikuwa nakatiza watu wanapozungumza. Hilo la mwisho nilimkatiza kabla hajalimaliza. Baada ya kunihoji na kunipima kwa muda, akaniambia nina hali inayoitwa kwa kifupi ADHD. Alieleza kwamba si wazimu wala si laana. Ni ubongo uliozaliwa hivyo, unaosikia kila kitu kwa sauti moja na kushindwa kuchagua kipi kisubiri. Nilimuuliza kama si uvivu. Akasema hapana, tena alilisema taratibu, kana kwamba wengi wamewahi kumuuliza.

Nilitoka pale nikakaa kituoni, nikaacha mabasi yapite. Sikulia. Niliwaza tu ripoti zangu za shule, zote zimeandikwa kwamba anaweza akitaka, na jinsi nilivyokuwa nataka.

Alinipa vidonge, kimoja kila asubuhi. Vinafanya kazi, sitakudanganya. Nikimeza, mambo yanapanga foleni na kusubiri zamu. Ghala limenyooka, tajiri ameanza tena kunitania. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake; basi zangu sasa zinachanika.

Ndipo ukaja kunitembelea. Ulikuta nyumba imefagiliwa, funguo ziko msumarini, na binti anakaa kitako kukusikiliza mpaka mwisho. Ulifurahi sana. Nilikusikia ukimwambia mama mwenye nyumba pale uani kwamba Mungu amekujibu, yule Kiguu na Njia wako hatimaye amekuwa mtu. Nilikuwa jikoni naosha vikombe. Niliviosha vyote, nikavifuta, nikavipanga.

Sikulaumu kwa kufurahi. Mashangazi walikuwa wakikuambia mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nawe unainama tu. Kila sweta nililopoteza lilihesabiwa kwako. Ulistahili siku ya kujisifu. Lakini neno lile halijanitoka. Kama sasa ndiyo nimekuwa mtu, yule wa zamani alikuwa nani?

Mama, yule binti uliyemsifu ni mimi pamoja na kidonge. Sikukuambia. Daktari ameniruhusu kupumzika siku ambayo duka limefungwa, kwa hiyo Jumapili simezi. Siku hiyo naanza kufua, naacha nguo kwenye beseni, nasogeza kabati, naimba, naunguza sufuria. Vikombe vya chai vinapoa kila chumba. Kuna Jumapili namchoka huyo mwanamke na kumwonea haya. Kuna wiki nyingine namkumbuka tangu Jumanne.

Ulipokuwa hapa nilimeza hata Jumapili. Nilimficha, kama watu wanavyomficha ndugu mlevi wageni wakija. Niliogopa utamwona, utavuta pumzi kama ulivyokuwa ukivuta zamani mlangoni, nami nitajua ni yupi kati yetu uliyekuwa ukimwombea aondoke. Iliniuma kumficha. Inaniuma hadi leo.

Sikuombi kubwa. Ukija tena, fika Jumamosi, ili Jumapili unikute. Ukae popote penye nafasi. Ukimpenda, niambie. Usipompenda, niambie pia, lakini kaa naye kwanza mpaka jioni.

Barua hii niliiandika mara ya kwanza Alhamisi. Ilitoka safi, imenyooka kama risiti, nikaichana. Hii ni ya leo, Jumapili. Hilo doa ni chai.

Msalimie kaka na mkewe, uwashike watoto vichwa kwa niaba yangu, na yule jirani anayeulizia kila mara kama nimetulia, mwambie bado.

Ni mimi mwanao,
Kiguu na Njia

Nilisahau: miwani yako imo humu humu kwenye kifurushi, imeviringishwa kwenye kitambaa cha bluu. Ningesema mwanzoni, ungesoma bila kukunja uso. Niliikuta kwenye friji, nyuma ya maziwa. Usiulize nani aliiweka. Unamjua tangu siku aliyozaliwa.