Dawa Inayotaka Usingizi

Nakuru, 4 Machi 1992

Mama mpendwa,

Habari za Pap Onditi? Mimi sijambo, ila baridi ya huku inauma. Nesi wako ameniandikia kwamba vidonge vya ugonjwa wa sukari vimeshindwa, na ulipoonyeshwa sindano ulizimia. Mbona hukuniambia? Kuna daktari wa akili hapa wodini ninapofagia. Anasema woga huo unatibika. Shika sindano tupu, itazame mpaka moyo utulie, halafu ulale hapo hapo. Akili huuhifadhi ujasiri mtu akiwa amelala. Asipolala, unapotea. Nimempa jirani yetu Obiero sindano tupu akuletee. Jaribu, Mama.

Mwanao, Anyango

Pap Onditi, 29 Machi 1992

Anyango nyathina, mwanangu wee,

Salamu nyingi. Mimi mzima, macho tu yana ukungu. Niliona aibu, mtu mzima kuzimia mbele ya watu. Tangu kaka yangu Zadock adungwe utotoni mguu ukakauka, nikiona sindano nahisi sina miguu. Lakini nimefanya ulivyosema. Nilishika baada ya kula mchana, jasho likanitoka, nikalala kwa mkeka. Nilipoamka nikaishika tena, nikacheka peke yangu. Sasa naigusisha hata pajani! Nesi anasema tuanze dawa yenyewe.

Dada yako Selpha amerudi kutoka Kisumu. Amekonda, anakohoa. Nimempa kitanda changu.

Mama yako

Nakuru, 17 Aprili 1992

Mama,

Hujambo? Nilisoma barua yako nikaruka, mpaka wenzangu wakauliza nimeolewa lini. Usiache kulala mchana. Selpha anaendeleaje? Mbona haniandikii?

Anyango wako

Pap Onditi, 2 Agosti 1992

Mwanangu,

U mzima? Nisamehe kwa kunyamaza. Selpha halali, nami silali. Nikifumba macho naitwa: "Mama, maji." "Mama, nigeuze." Mchana nafua shuka na kupika uji. Nesi alinidunga siku chache, vizuri kabisa. Halafu siku moja nikampiga mkono, dawa ikamwagika. Nikalia, "Lakini jana niliweza!" Akaniuliza, "Mama, umelala lini?" Kila siku naanza upya, kama sijawahi kuishika. Kidole cha mguu kimekuwa cheusi.

Mama

Nakuru, 15 Agosti 1992

Mama yangu,

Pole sana. Nimeomba ruhusa, wamekataa. Mwombe shangazi Apiyo akae na Selpha, wewe ulale hata kidogo. Nakusihi.

Anyango

Pap Onditi, 9 Septemba 1992

Anyango,

Nashukuru kwa sabuni. Apiyo anaogopa ugonjwa wa Selpha. Huweka sufuria ya chakula mlangoni, anaenda. Simlaumu.

Mama

Pap Onditi, 21 Novemba 1992

Anyango mwanangu,

Natumaini ulifika salama baada ya mazishi ya dada yako. Mimi nalala tu. Asubuhi nalala, jioni nalala. Jana nesi alikuja, akatoa sindano, nikaitazama kama kijiko. Mwambie daktari wako woga umeisha. Nesi alifurahi sana, akasema, "Haya, tudunge." Nikamwambia aondoke na dawa yake, siitaki tena. Wanataka kukata mguu pia, nimekataa. Usikasirike, nyathina. Sina uchungu na mtu, nimechoka. Usiache kazi kwa ajili yangu. Ile sweta uliyosahau nimempa Apiyo, mimi sitaihitaji.

Mungu akulinde.

Mama yako