Kiondo cha Mama Kwenye Intaneti

Mtito Andei

Mamangu mpendwa,

Huku ni jua na vumbi la malori, lakini nina furaha mpaka chai imenipolea mkononi! Hoteli niliyopata kibarua imeweka picha zake kwenye intaneti, na kompyuta inaonyesha ni ipi watu wa mbali wanaifungua zaidi. Meneja alidhani ni ya ndovu. Wapi! Ni ya meza ya chai, na juu yake kile kiondo chako kikuukuu nilichobebea chakula cha safari, kimejaa mayai. Wanaifungua, wanaenda, wanairudia. Sasa meneja anataka kiondo kwa kila chumba.

Mungu akutunzie hiyo mikono, uanze kusokota mkonge leo.

Na ulivyonisihi nikifiche chini ya kitanda, wageni wasinicheke!

Kalondu wako