Kiuno Sentimita Themanini na Moja

Chumba cha cherehani,
Nyumba ya kona, mkabala na duka la dawa.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi, kimepona au kimenyamaza tu? Naomba ujibu swali moja moja, kwa ukweli, maana siku hizi mtu akiniambia "mzima, sina neno" mimi natega sikio. Ukifika mwisho wa barua utaelewa kwa nini.

Sisi huku tunaendelea. Shemeji yako bado anatengeneza redio za watu na kuiacha ya kwetu ikikoroma. Goti langu la kushoto sasa linatoa mlio kila nikisimama, kama mlango usiotiwa mafuta, lakini nikikaa kwenye cherehani linatulia. Sare za shule zimejaa chumba kizima, hata pa kuweka kikombe cha chai hakuna.

Najua unataka habari za Chiriku. Nilikuandikia mwezi wa tano jinsi mchumba wake, yule tuliyempa jina la Bwana Kesho, alivyotuma ujumbe wa simu wa mistari miwili, wiki tatu kabla ya harusi, kwamba amefikiri sana na anaona haiwezekani. Miaka minne ya kesho, kesho, halafu mistari miwili. Gauni lilikuwa limeshakwisha. Miezi minne nililishona, na lulu za kifuani nilizitia kwa mkono, moja moja. Nikalivika mfuko, nikalitundika nyuma ya mlango wa chumba hiki ninachokuandikia.

Siku tatu za kwanza mtoto alilia kama mtu, nami nikaridhika. Siku ya nne aliamka akafua mapazia ya nyumba nzima, tena anaimba. Ya tano akaenda kazini, kule anakoandika karatasi za mizigo, akarudi anaimba. Wiki ikapita, mwezi ukapita, anaosha vyombo anaimba, anapiga pasi anaimba. Majirani wakanipongeza kwa kumlea mtoto mwenye moyo wa chuma. Mdogo wangu, huyu nimemzaa mimi. Akivunja sahani huyu hununa nusu siku. Leo aachwe na mwanaume halafu aimbe? Nikajua ana lake jambo.

Nikaanza kumchunguza. Usiniambie ni dhambi, najua.

Jumatatu futi kamba yangu ya kupimia ilipotea, Jumanne ikarudi, lakini kwenye msumari ambao sijawahi kuitundika tangu nihamie nyumba hii. Siku hiyohiyo ukakosekana ule wembe wangu wa kufumulia. Futi kamba sikuijali. Wembe sikutaka kuufikiria, na nikaufikiria siku nzima. Nilipekua mito, mkoba wake, hata ndani ya viatu. Jioni alipokuja kula alikuwa amevaa mikono mirefu na joto lile. Nikajifanya nambandua uzi begani, nikampandisha mkono wa blauzi mpaka kwenye kiwiko. Hakuna kitu, hata mkwaruzo. Akanitazama, akarudisha mkono wake chini taratibu, akaendelea kula. Hakuuliza ninatafuta nini, na hilo nalo likanitia shaka.

Nilimweleza shemeji yako. Alikuwa na bisibisi mdomoni.

"Muulize," akasema.

"Nimuulize ili anidanganye?"

"Basi usimuulize."

Huo ndio msaada niliopata kutoka kwa mume niliyeishi naye miaka ishirini na tisa.

Jumatano nikawa nyuma ya nyumba naanika nguo. Dirisha la Chiriku lilikuwa wazi kidogo, naye anaongea na simu kwa ile sauti ya mtu anayeficha kitu. Mungu anisamehe, nilisimama nyuma ya shuka nikashika pumzi. Nikamsikia anasema, "Vipimo nimeshavipata... Ee, shida kubwa ni kiuno... Inabidi kufungua tu, hakuna njia nyingine... Hapana, mama asijue mpaka kila kitu kiishe."

Mimi neno vipimo nalitamka mara arobaini kwa siku. Nina daftari limeandikwa VIPIMO kwenye jalada, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na liko hapa pembeni ninapokuandikia. Lakini pale nyuma ya shuka fundi alinitoka kichwani, akabaki mama peke yake, na mama akasikia hospitali. Vipimo, kiuno, kufungua, mama asijue. Nikakaa ndani ya beseni, juu ya nguo mbichi, nikalowa mpaka kwenye sketi ya ndani.

Nilivuka barabara kwenda duka la dawa. Yule muuzaji, tunamwita Daktari Nusu, nilimzunguka kwa maneno: je, kuna msichana yeyote wa mtaani amekuja kununua kitu chochote, dawa ya kiuno kwa mfano. Akanitazama kwa huruma, akanishauri nipunguze kukaa kwenye cherehani, akanichagulia dawa ya kuchua. Nikarudi nyumbani nanuka karafuu na sijui lolote.

Alhamisi nilipeleka sare shuleni. Kurudi, nikamkuta Chiriku amewahi kutoka kazini, eti kichwa kinamuuma, na kidole gumba amekifunga plasta. Anaimba.

Sasa kuna jambo sijakuambia. Kila asubuhi, Chiriku na baba yake wakishatoka, mimi hufungua ule mfuko wa gauni kuangalia kama nondo wanaokula nguo hawajaingia. Ni tahadhari ya kawaida ya fundi. Ijumaa nikafungua zipu kama siku zote. Gauni lilikuwa limefumuliwa ubavu huu na ubavu huu, likatiwa kipande cha kitambaa kila upande, likashikizwa kwa mishono mirefu iliyopinda kama siafu waliopotea njia. Na kiunoni kulikuwa na karatasi imechomwa pini, mwandiko wa Chiriku: kifua 96, kiuno 81, hipsi 106, bega 41.

Kiuno cha mwanangu nakijua kuliko siku aliyozaliwa. Ni sentimita sitini na nane. Themanini na moja! Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Yote yakanyooka: vipimo, kiuno, mama asijue, mikono mirefu. Bwana Kesho ameondoka na ameacha alama. Bega nalo lilikuwa limeongezeka sentimita tatu, mdogo wangu. Miaka thelathini nashona watu, na sikujiuliza hata mara moja tangu lini mimba ikaingia begani.

Saa kumi na moja jioni aliporudi, nilikuwa mlangoni na ile karatasi.

"Una miezi mingapi?"

"Ya nini?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaitazama, akanitazama mimi, akalitazama gauni nililolitandaza mezani. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. "Mama! Hivyo ni vya yule dada wa mapokezi kazini!"

Huyo dada anaolewa wiki mbili zijazo na hakuwa na gauni. Chiriku akampa lake. Alichukua futi kamba akampima ofisini wakati wa chakula, akauficha wembe ili alifumue siku nitakayotoka, na akajitoboa kidole kwa sindano, maana yeye katika maisha yake hata kifungo hajawahi kukishona. Mikono mirefu ilikuwa kwa sababu blauzi nyingine zote zilikuwa chafu.

Nikakasirika kweli. Nikamuuliza kwa nini hakuniletea mimi niliyelishona, akaenda kuliharibu kwa mishono ya aibu.

"Ungelia."

"Nani alie?"

"Mama, nani anatafuta nondo nusu saa kila siku? Bitana ya ndani ya gauni imejaa madoa ya machozi, nimeyaona. Nikasema likitoka humu ndani utapona."

Mimi niliyekuwa nachunguza watu, kumbe naye ananichunguza, tena yeye alikuwa ameona vizuri. Ni kweli nililia. Kila asubuhi nililifungua, nikashika zile lulu, nikamlilia mwanangu, kisha nikafunga zipu na kuingia jikoni kupika kama sijui kitu.

Nikauliza kuhusu zile nyimbo. Akasema, "Nikinyamaza unakuja kusimama mlangoni kwangu. Nasikia goti lako."

Nikamuuliza basi kama yuko sawa. "Sijui, mama," akasema. "Sijapata nafasi ya kujua."

Neno hilo limenikaa kifuani tangu Ijumaa. Wiki sita huyu mtoto amekuwa akinibeba mimi.

Jana asubuhi nilifumua kazi yake yote nikairudia inavyotakiwa. Likabaki pindo. Yule dada na Chiriku wanalingana urefu, kwa hiyo nikamwambia avae asimame kwenye kigoda nimtilie pini. Nilisema tu kama ninavyomwambia mteja, sikufikiri. Akavaa. Kiuno kikampwaya, mabega yakamteleza, maana halikuwa lake tena. Akapanda kigodani. Nikapiga magoti chini na pini saba mdomoni, nikaanza mbele.

Nilipofika nyuma, nikahisi tone kwenye mkono wangu, halafu jingine. Unanijua nilivyo. Siku nyingine ningekuwa nimeshasema pole ishirini, nimemlaani Bwana Kesho pamoja na waliomlea, nimeuliza maswali kumi na mawili. Lakini nilikuwa na pini mdomoni, sikuweza kusema hata moja. Akalia. Alilia kwa sauti, juu ya kigoda, ndani ya gauni la mtu mwingine, na mimi chini naendelea na pindo. Lile pindo ni la dakika kumi. Nilikaa nalo saa nzima. Nikimaliza upande mmoja nachomoa pini zote naanza upya, na goti linaniwaka moto, mpaka yeye mwenyewe alipofuta uso na kusema, "Mama, nimechoka kusimama."

Leo hajaimba. Amelala mpaka saa nne, ameamka na macho yamevimba, amekunywa chai na kununa kabisa kwa sababu mkate umeungua. Nilipoona amenuna nilikwenda nyuma ya nyumba nikamshukuru Mungu. Chumbani kwake sasa kuko kimya na mimi nimekaa hapa, sijasimama mlangoni. Si rahisi. Ndiyo maana nakuandikia.

Sasa nakujia wewe, maana hujapona. Nilimuuliza ile simu ya Jumatano alikuwa anaongea na nani. Akajikanyaga kidogo, kisha akakutaja: mama mdogo. Kwa hiyo ni wewe uliyemwambia aanze kufungua kiunoni kabla ya kutoa bitana. Tumekulia chini ya cherehani moja mimi na wewe, na hilo ndilo ulilojifunza? Ungeniharibia kitambaa cha miezi minne.

Hilo nimekusamehe. Ila kuna jingine alilonieleza, na hilo ndilo limenifanya nikae kuandika badala ya kumalizia sare. Nilimuuliza kuimba kule alikutoa wapi, maana si tabia yake. Akasema ni wewe uliyemfundisha. Kwamba mwaka ule wa kwanza ulipofika huko, ulipopoteza ile mimba, uliimba kila siku jikoni ili shemeji asije kusimama mlangoni. Mimi sikujua hata kwamba kulikuwa na mimba. Nimetoa kopo la barua zako na kusoma zote za mwaka ule. Barua kumi na moja. Mzima, sina neno, hali ya hewa nzuri. Nilizisoma kwa majirani, mdogo wangu, nikajigamba kwamba umeneemeka.

Nisalimie shemeji, na wanangu wote wawili wabusu kwa niaba yangu. Shemeji yako anakusalimu, na Chiriku pia, japo kwa kununa. Shangazi amenipigia simu na kuuliza habari zako. Nimemwambia sijui, nasubiri kusikia. Mungu akuwekee mkono wake juu ya nyumba yako, na akupe mtu wa kukaa naye kimya.

Jibu hata kwa ukurasa mmoja. Sitasema pole, nitaweka pini mdomoni kwanza ndipo niifungue barua yako. Ila tafadhali, barua hiyo isiniimbie.

Wako akupendaye, niko huku nje ya mlango wako,

Dada yako mkubwa.