Bundi wa Macho Mawili

Mbamba Bay, 28 Mei 2023

Mama, shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, dagaa wa usipa huku wamejaa mpaka tunawachoka.

Mama, nimeweza! Nimefunga simu mbili kwenye ubao mmoja, nikabonyeza zote pamoja: picha mbili, kila jicho na yake. Tazama ndani ya kiboksi anachokuletea Nazari wa kwenye basi. Lenzi nimezing'oa kwenye miwani ya kusomea ya sokoni. Ndege anatoka nje kabisa, mama!

Furukombe wa ziwani wananitesa. Nikijiandaa tu, kashaondoka na samaki wake. Ndiyo maana nimekutumia bundi, yule niliyempiga picha Pasaka kwenye boriti la ghala letu. Katulia kama padre anayesikiliza maungamo. Waonyeshe jumuiya nzima!

Mwanao Sixbert


Mbuji, 11 Juni

Mwanangu, marahaba. Mguu umepoa. Kahawa imeiva, shamba lote jekundu.

Jumuiya walikuja kusali hapa, nikawapa kiboksi. Shangazi yako Vitalia alianza. "Yesu! Ananirukia!" Akaanguka na kigoda chake. Kila aliyefuata alirudi nyuma, tukacheka sana. Halafu Vitalia akasema, "Na wewe Gertruda, tazama tukuone."

Nikatazama. Nikaona ndege kakaa ghalani kwangu, basi. Nikasema ni mzuri.

Kicheko kikakatika. Vitalia akauliza, "Mbona mwenyewe humwogopi? Mmezoeana?" Wakaondoka chai ikiwa mezani.

Kwani nilikishika vibaya?

Mama yako


Mbamba Bay, 15 Juni

Mama, shikamoo, na pole. Lakini shangazi na kigoda chini, ha! Si unaona picha ilivyo kali? Watasahau hao.

Wewe futa lenzi kwa kanga. Ikigoma, funga jicho moja utazame, halafu funga la pili. Lazima kila jicho lione bundi wake. Nijibu haraka nitengeneze kingine! Jana furukombe kapita juu ya kichwa changu, nimeambulia picha ya bawa tu.

Sixbert wako


Mbuji, 2 Julai

Sixbert, salamu. Nimechelewa kujibu.

Nimefunga la kushoto, nikamwona bundi. Nimefunga la kulia, giza.

Sikutaka ujue. Msimu uliopita tawi la mbuni lilinichoma nikichuma. Kwa nje jicho ni zima, hivyo sikumwambia mtu. Nilidhani limepungua nguvu tu. Kumbe limekwisha.

Wenzangu wa zamu za kuchuma hawaji. Nimechuma kwao wote, na zamu yangu ilipofika nikapika makande sufuria kubwa. Hakutokea hata mmoja. Wanasema bundi ni wangu, namfuga, ndiyo maana hanishtui. Kahawa inakaukia mitini.

Mama yako


Mbamba Bay, 4 Julai

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma stendi, nimesimama. Jicho lako, mama! Na mimi nakwambia futa lenzi!

Nakuja Jumapili, nikipata wa kunishikia nafasi kwenye mtumbwi. Ila usinisubiri. Mwite shangazi. Mwambie azibe jicho la kushoto kwa kiganja ndipo atazame. Bundi hatamrukia! Atabaki kakaa tu, kama kwako. Itabidi umwambie kuhusu jicho. Mwambie, mama, nakuomba.

Sixbert


Mbuji, 7 Julai

Mwanangu, marahaba.

Shangazi yako alikataa kuingia ndani. Akatazamia mlangoni, kiganja jichoni. "Hasogei," akasema. Akaondoa kiganja, akashtuka. Akakirudisha. Alirudia hivyo mpaka nikachoka kusimama. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wifi, na ulipanda ngazi kuchuma kwangu hivyo hivyo?"

Jana tumechuma wawili. Wengine bado wanapita njia ya juu wasinisalimie.

Bundi wa ghalani wamemuua kwa mawe, nikiwa shambani. Panya wameshaanza kutembea ghalani mchana kweupe. Kwa hiyo kiboksi nimekiweka kabatini, maana aliyebaki ni huyo wa ndani.

Ukifika, kaa upande wangu wa kulia.

Mama yako