Kiganja Juu ya Boneti

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, pamoja na wifi na watoto. Kile kidole kilichobanwa na jeki kimepona? Sisi hatujambo, Mungu hajatuchoka. Mvua zimekuja kwa adabu na miche yangu ya maparachichi imeshika vizuri.

Kaka, nimenunua pikapu. Usishtuke, niliyafuata maneno yako kama sala. Ulisema niende asubuhi bila taarifa, niweke kiganja juu ya boneti hata kabla ya salamu, kwa kuwa injini baridi haijui kusema uongo. Ulisema pia anayejisifu kwamba injini haijaguswa nimwogope kuliko anayekiri kuifungua mara mbili.

Ya kwanza boneti lilikuwa baridi, ila nilipofunua zulia nikaiona ardhi kupitia tundu. Dalali aliyenizungusha akasema hiyo ni hewa ya bure, mama. Ya pili oili yake ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nikamwambia hiyo wanywe wenyewe. Ya tatu, nyeupe, dalali akaapa kwamba haijaguswa tangu izaliwe. Nikaweka kiganja: moto! Nikamuuliza imeamkia wapi. Akadai ni jua, na jua lenyewe lilikuwa bado halijavuka ukuta.

Nikainama kutazama chini. Kwenye fremu, nyuma ya tairi la kushoto, nikaona mchomeleo uliopindapinda kama mshono wa gunia. Kaka, mkono wako naujua. Nikakwaruza rangi kwa ufunguo, bluu ikatokea. Ilikuwa pikapu yako, uliyoniachia niuze ulipohama. Nikakaa chini palepale, dalali akauliza kama sukari imeshuka.

Nikamwomba aiache ipoe. Mchana akajaribu kuiwasha, ikakohoa tu, jasho likamtoka. Nikafungua boneti, nikabonyeza ile pampu ya dizeli kwa mkono, nikapasha plagi nikihesabu hadi kumi, ikaitika. Akauliza kumbe mama ni fundi. Nikamjibu mimi ni mwenye dhambi tu, anipeleke kwa mwenyewe.

Mwenyewe ni yuleyule mwalimu mstaafu niliyemuuzia miaka sita iliyopita. Na hapa, kaka, ndipo kalamu inaponiwia nzito. Uliniagiza nimwambie mnunuzi kwamba asubuhi haiwaki mpaka ibembelezwe. Nami nikakuandikia kwamba nimemweleza yote, ukanisifu kwa uaminifu wangu. Sikumweleza. Siku ile niliamka mapema, nikaiwasha, nikaizungusha mtaani mpaka ikapata moto, ndipo nikamkaribisha. Nilimwambia haijaguswa. Kwa mdomo huuhuu unaoomba kila asubuhi. Tangu hapo tukikutana kwenye ibada, akiniuliza miche inaendeleaje, mimi nakumbuka ghafla nimeacha sufuria jikoni.

Nilimwambia yote mlangoni kwake, hata kabla hajanipa kiti. Akacheka mpaka akavua miwani. Alisema alijua tangu kesho yake asubuhi, na kwamba kila alipouliza habari za miche alikuwa ananifungulia mlango, mimi nakimbilia sufuria. Miaka sita anasubiri nisimame nimwambie! Akasema kuhesabu hadi kumi alijifunza mwenyewe, na gari halijawahi kumwacha njiani. Dalali naye akapata somo refu kuliko alilotaka.

Nimeichukua, kaka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Kila asubuhi nabonyeza pampu, nahesabu hadi kumi kwa sauti, inaitika, na miche inafika sokoni bila kunyauka. Jana mwalimu aliniuliza tena habari za miche, nikasimama nikamweleza mche mmoja mmoja, hadi yeye ndiye akasema ana sufuria jikoni.

Nisamehe kwa sifa nilizokula bila haki. Wasalimie wote, hasa wifi.

Ni mimi dadako, Mama Miche.

Ukiingiza gia ya nyuma inalia kama mbuzi. Tafadhali nijibu mapema.