Sufuria la Bibi Liko Chini ya Lami

Mama,

Fundi cherehani atakudaka hapo nje kabla hujavua viatu, akwambie Baba amelizika barabarani sufuria lako kubwa, lile alilokuachia Bibi, eti amechoka na mapishi yako. Usimsikilize. ~~Baba hana kosa.~~ Baba ana kosa, ila si hilo.

Halmashauri walisema picha ya shimo letu la barabarani haionyeshi kina. Basi leo asubuhi Baba akalitumbukiza sufuria humo, likazama lote, akapiga picha, akawatumia. Kisha akaingia ndani kunywa chai kwa raha zake. Watu wa halmashauri hawajatia mguu mtaani mwaka mzima, leo chai haijapoa wamefika! Nilipotoka mbio, lami imeshamwagwa na mashine ya kushindilia imeshapita.

Nikasema, "Kaka, humo mna sufuria."

Dereva akanijibu, "Dada, sisi tumeambiwa tujaze."

Kusema kweli barabara imependeza.

Maharage yako kwenye birika. Mimina polepole, mdomo unaziba. Baba yuko stoo, nyuma ya magunia. Anasema anapanga vitu. Mpe na yeye ale, hajatoka humo tangu asubuhi.

Mimi nimekwenda halmashauri kuwaomba waje watuchimbie shimo palepale. Sijui nitaanzaje kusema.

Mama, nakuomba, sururu iache nyuma ya mlango mpaka nirudi. Utaiacha?

Mwanao wa kwanza